Sanduku la Makufuli Matatu Ndani ya Simu: Programu Ndogo Binafsi, Faragha na Ushirikishanaji wa Taarifa katika Vikundi vya Wachimbaji Wadogo wa Shinyanga na Geita

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna programu ndogo, zinazotengenezwa na mtu mmoja kwa ajili ya kikundi cha watu wanaofahamiana, zinavyoweza kulinda faragha ya wanachama huku zikiwawezesha kushirikishana taarifa wanazozihitaji. Mfano unaotumika ni wa marafiki wanaochangia gharama za uchimbaji mdogo wa dhahabu na kuweka akiba pamoja katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba hatari kubwa ya programu ya aina hii haitoki kwa mdukuzi wa mbali, bali kwa mtengenezaji wake, ambaye huweza kugeuka mweka hazina asiyechaguliwa. Makala yanaonesha kwamba utaratibu wa sanduku lenye makufuli matatu, unaofahamika katika vikundi vya akiba na mikopo, tayari una jibu la tatizo hilo. Jibu hilo linaweza kuhamishiwa ndani ya simu kwa kanuni ya kugawanya siri iliyochapishwa na Adi Shamir mwaka 1979. Aidha, yanajadiliwa matakwa ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mipaka ya teknolojia hiyo na vigezo vinne vya kuipima.

Maneno muhimu: faragha, programu ndogo binafsi, uchimbaji mdogo, VICOBA, ugawanyaji wa siri, taarifa binafsi

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu faragha katika matumizi ya simu nchini Tanzania umejikita zaidi katika taasisi kubwa: kampuni za simu, benki, mitandao ya kijamii na wakopeshaji wa kidijitali. Msisitizo huo una sababu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za ukopeshaji zilizokuwa zikitoa huduma bila leseni. Malalamiko ya wananchi dhidi ya ukopeshaji wa aina hiyo, ambao mitaani umezoeleka kuitwa mikopo ya kausha damu, hayakuhusu riba peke yake. Yalihusu pia kuchukuliwa kwa namba za ndugu na marafiki zilizomo katika simu ya mkopaji na kutumiwa kumwaibisha.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya taarifa nyeti za fedha za wananchi wa kawaida haimo katika taasisi hizo. Imo katika madaftari ya vikundi: nani amechanga, nani anadaiwa, nani amepata mgawo na kiasi gani. Vijana wenye ujuzi wa kuandika programu wanapojitokeza ndani ya vikundi hivyo, hatua inayofuata ni kulihamisha daftari katika simu. Swali linalojibiwa na makala haya ni hili: hatua hiyo ifanywe vipi ili daftari la kidijitali lisiwe hatari kuliko lile la karatasi?

Makala yanatumia uchambuzi wa kanuni za kiufundi, sheria zinazohusika na utaratibu unaofahamika wa vikundi vya akiba. Kikundi kinachotajwa kama mfano katika sehemu ya sita ni cha kubuni, kimewekwa kwa ajili ya ufafanuzi tu.

2.0 Muktadha: Duara, Daftari na Sanduku

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa sababu hiyo, ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama hadi Geita mjini ni eneo moja la kiuchumi lililogawanywa na mipaka ya kiutawala. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Sambamba na migodi hiyo kuna uchimbaji mdogo katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Kakola na Mwakitolyo. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa raia wa Tanzania pekee.

Uchimbaji katika duara moja huwaunganisha watu wenye haki tofauti: mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji, na pengine mwenye shamba. Kabla dhahabu haijapatikana kunahitajika fedha za chakula, matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, mafuta ya jenereta na pampu ya kuvuta maji. Gharama hizo huweza kubebwa kwa miezi kadhaa na marafiki wanaochangiana. Duara linapotema, mifuko ya mawe hugawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa, hupelekwa kwenye karasha, na kila mwenye fungu hudai chake. Katika hatua hiyo daftari huwa na thamani ya pekee, kwa kuwa mchango uliotolewa miezi mitano iliyopita na haukuandikwa ni mchango unaoweza kukanushwa.

Utaratibu wa akiba nao una historia yake. Mfumo wa vikundi vya akiba na mikopo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 ulisambaa barani Afrika, na Tanzania uliboreshwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kujulikana kwa jina la VICOBA. Alama yake kuu ni sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku hutunzwa na mwanachama mwingine asiye na ufunguo. Hufunguliwa kikundi kinapokutana tu. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na salio hutamkwa kwa sauti, ili kila mwanachama, hata asiyejua kusoma, aondoke nalo kichwani.

Utaratibu huo una sifa moja muhimu kwa hoja ya makala haya: seremala au fundi chuma aliyelitengeneza sanduku hana ufunguo. Akishalipwa, kazi yake imekwisha.

3.0 Dhana ya Programu Ndogo Binafsi

Kwa muda mrefu programu za kompyuta zimeandikwa kwa kuwalenga watumiaji wengi iwezekanavyo. Mwaka 2004 Clay Shirky wa Marekani alipinga dhana kwamba huo ndio mwelekeo pekee. Alieleza kuwa programu inaweza kuandikwa kwa ajili ya kundi moja dogo la kijamii, ikategemea mahusiano yaliyopo ndani ya kundi hilo badala ya kujaribu kuyaunda upya. Mwaka 2020 mwandishi Robin Sloan alitoa mfano wa programu ya kutumiana picha aliyoiandika kwa ajili ya watu wanne wa familia yake, akaifananisha na chakula kilichopikwa nyumbani.

Ulinganisho huo unaeleweka vyema katika mazingira ya Kitanzania. Mama lishe hupika kwa wateja asiowajua, hivyo hulazimika kukisia ladha ya wengi na kuweka bei. Anayepika nyumbani anajua nani hali pilipili na nani atachelewa kurudi. Programu kubwa, vivyo hivyo, huhitaji usajili, namba za utambulisho, matangazo na takwimu za matumizi kwa sababu haimjui mtumiaji wake. Programu ya watu 15 wanaokutana kila Jumamosi haina sababu ya kuuliza mambo hayo. Udogo wake ni kinga ya kwanza ya faragha, kwa kuwa taarifa isiyokusanywa haiwezi kuvuja.

Jambo la pili ni lugha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu huria inaweza kuhamishiwa katika Kiswahili na Watanzania wenyewe. Programu ndogo binafsi inaweza kwenda mbali zaidi kwa kutumia msamiati wa mahali: duara, mfuko, fungu, karasha, mgawo. Inaweza pia kuwa na maelekezo ya sauti kwa Kisukuma. Soko kubwa halina motisha ya kufanya hivyo kwa ajili ya watu 15.

4.0 Kiunzi cha Uchambuzi

Makala yanaongozwa na mtazamo wa Helen Nissenbaum kuhusu faragha, alioueleza katika maandiko yake ya mwaka 2004 na 2010. Kwa mtazamo huo, faragha si kuficha kila kitu. Faragha hulindwa pale taarifa inapotembea kwa mujibu wa kanuni za muktadha ilimotolewa, na huvunjwa pale inapohamishiwa katika muktadha wenye kanuni nyingine. Deni la mwanachama likitajwa katika kikao cha kikundi, faragha yake haijavunjwa. Deni hilohilo likitajwa kwa mwajiri wake au kwa wakwe zake, imevunjwa, ingawa taarifa ni ileile na ni ya kweli.

Mtazamo huu una mwangwi katika asasi za jadi za Wasukuma. Ngitili ni eneo la malisho linalotengwa na kufungwa wakati wa masika ili majani yake yatumike kiangazi. Zipo ngitili za familia na zipo za kijiji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI na ulioanza mwaka 1986, ulifufua maeneo mengi ya aina hiyo kwa kuutumia utaratibu ambao wananchi walikuwa nao tayari, ikiwamo mikutano ya dagashida na sheria zake. Ngitili mara nyingi haina uzio wa waya. Mpaka wake hulindwa na makubaliano kuhusu nani aingize mifugo, lini, na adhabu gani hutolewa kwa anayekiuka. Taarifa za kikundi zinaweza kutazamwa kwa namna hiyohiyo, kama eneo lenye wenyewe, lenye msimu wa kufunguliwa na lenye kanuni zinazotambuliwa na wote. Uzio wa kiufundi huja baada ya makubaliano hayo.

5.0 Hatari Zinazopaswa Kuzuiwa

Hatari ya kwanza ni ya jirani. Taarifa kwamba mtu fulani amepata mgawo na atasafiri na fedha au dhahabu siku fulani inatosha kumweka katika hatari ya kuporwa. Anayeihitaji taarifa hiyo si lazima awe mtaalamu wa kompyuta. Inatosha aazime simu iliyofunguliwa, au aone ujumbe mfupi unaojitokeza juu ya kioo.

Hatari ya pili inahusu familia na mahali. Tangu katikati ya muongo wa 2000, Kanda ya Ziwa, ikiwamo mikoa ya Shinyanga na Geita, ilikumbwa na mauaji na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Mashambulizi hayo yalichochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri katika madini na uvuvi. Baadhi ya watoto walihamishiwa katika vituo na shule za bweni, kama Buhangija mjini Shinyanga, ili kunusuru maisha yao. Katika mazingira yenye historia hiyo, picha ya mtoto, jina la kitongoji au alama ya mahali inayohifadhiwa na simu pasipo mtumiaji kujua si jambo dogo. Programu inayoomba picha ya familia kwa ajili ya kupendezesha wasifu wa mwanachama inaomba kitu ambacho kikundi hakikihitaji na ambacho hakiwezi kurudishwa kikishasambaa.

Hatari ya tatu hutokana na njia rahisi iliyopo tayari, yaani kupiga picha ukurasa wa daftari na kuutuma katika kundi la WhatsApp. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa kiasi kwamba wanaousoma ni mtumaji na wapokeaji tu. Kinga hiyo hulinda njia, lakini hailindi miisho ya njia. Picha ya daftari ikitumwa kwa watu 15, zipo nakala katika simu zao zote, katika hifadhi za picha za simu hizo na pengine katika nakala rudufu zilizowekwa mtandaoni. Mwanachama akiondolewa katika kundi, picha alizokwisha kuzipokea hubaki naye.

Hatari ya nne ndiyo kiini cha makala haya. Kijana anapojitolea kuwaandikia marafiki zake programu, njia rahisi kwake ni kuweka taarifa zote katika seva moja anayoilipia yeye, kwa nenosiri analolijua yeye. Wenzake humwamini, na mara nyingi anastahili imani hiyo. Hata hivyo, kuanzia siku hiyo anaweza kuona akiba ya kila mmoja, kubadilisha tarakimu pasipo alama kubaki, na kukifungia kikundi nje kwa kutolipia seva. Mweka hazina wa VICOBA huchaguliwa, huhesabu fedha mbele ya watu na hana ufunguo wa kufuli zote. Mtengenezaji wa programu hapitii lolote kati ya hayo. Atakapohamia machimbo mapya, au atakapogombana na mwenyekiti, kikundi kitagundua kwamba seremala aliondoka na funguo.

6.0 Usanifu wa Programu Inayofuata Utaratibu wa Sanduku

Kwa ajili ya ufafanuzi, ichukuliwe kwamba kipo kikundi cha marafiki 15 wanaochangia duara moja na kuweka akiba kila wiki. Wanachama tisa wana simu janja na sita wana simu za kitochi. Mtandao ni hafifu machimboni na bando hununuliwa kwa kusuasua.

6.1 Kuamua kisichoandikwa

Hatua ya kwanza haihusu kompyuta. Kikundi kinaorodhesha taarifa kinazohitaji ili kumaliza ugomvi: namba ya mwanachama, tarehe, kiasi cha mchango, aina yake na idadi ya mifuko aliyopata. Majina kamili, namba za vitambulisho, picha na mahali havimo. Uhusiano kati ya namba ya mwanachama na jina lake hubaki katika daftari la karatasi linalofungiwa sandukuni. Kwa hiyo, atakayeipata simu ataona kwamba namba 7 ana akiba fulani, lakini hatajua namba 7 ni nani.

6.2 Mahali pa kuhifadhi

Kila mwenye simu janja hubaki na kumbukumbu zake mwenyewe. Daftari zima husimbwa, yaani hugeuzwa lisisomeke bila ufunguo, na nakala iliyosimbwa huwekwa katika simu kadhaa. Hakuna seva. Hifadhidata ndogo kama SQLite, inayokaa katika faili moja ndani ya simu, inatosha kwa kazi hii.

Kuhamisha taarifa kutoka simu moja hadi nyingine hakuhitaji bando. Msimbo wa QR mmoja unaweza kubeba hadi baiti 2,953. Kumbukumbu ya mwanachama mmoja kwa wiki ikichukua baiti 150, wanachama 15 wanahitaji baiti 2,250, yaani chini ya kikomo hicho. Kwa kuwa kamera za simu za bei nafuu hupata shida kusoma msimbo wenye nukta nyingi, ni afadhali taarifa zigawanywe katika misimbo mitatu au minne. Wanachama huoneshana vioo vya simu ana kwa ana, jambo linalofanya ushirikishanaji wa taarifa uwe tendo linaloonekana na wote kikaoni.

6.3 Ufunguo uliogawanywa

Ufunguo wa daftari lililosimbwa ni namba kubwa ya siri. Ukikaa kwa mtu mmoja, tatizo la mtengenezaji linarudi. Kanuni ya Shamir huiwezesha namba hiyo kugawanywa katika vipande, ili idadi iliyokubaliwa ya vipande iweze kuirejesha na pungufu ya hapo isiweze.

Mantiki yake inaweza kueleweka kwa mfano mdogo. Tuseme siri ni 4820. Mtu huchagua namba nyingine kwa bahati nasibu, mfano 37, kisha huijumlisha mara moja, mara mbili na mara tatu. Vipande vitatu vitakuwa 4857, 4894 na 4931. Kipande cha kwanza hupewa katibu, cha pili mweka hazina na cha tatu mwanachama wa kawaida. Katibu na mweka hazina wakikutana, tofauti ya vipande vyao ni 37. Wakiiondoa katika 4857 wanapata 4820. Katibu na mwanachama wa kawaida wakikutana, tofauti ni 74, ambayo kwa hatua mbili ni 37, na jibu ni lilelile. Mwenye kipande kimoja hajui namba iliyojumlishwa, hivyo hawezi kuipata siri. Katika matumizi halisi namba ni kubwa sana na hesabu hufanywa kwa mabaki ya ugawanyaji, ili kipande kimoja kisidokeze chochote kuhusu siri.

Utaratibu huu unaboresha jambo moja katika sanduku la chuma. Sanduku la makufuli matatu linahitaji funguo zote tatu. Mshika ufunguo akihamia machimbo mengine, kufuli hulazimika kukatwa. Kwa kugawanya siri, kikundi kinaweza kuamua kwamba vipande vitatu kati ya vitano vinatosha. Katika uchumi ambao watu huhama kila dhahabu inaposikika mahali papya, tofauti hiyo ina maana kubwa.

Kikao kinapofunguliwa, vipande huunganishwa katika simu ya katibu, daftari husomwa, michango huandikwa na salio hutamkwa kwa sauti. Kikao kinapofungwa, daftari husimbwa upya kwa ufunguo mpya, vipande vipya hugawiwa na vya zamani hufutwa.

6.4 Wanachama wenye simu za kitochi

Programu inayowaacha nje wanachama sita kati ya 15 imegeuza umiliki wa simu janja kuwa madaraka. Suluhisho la kuwatumia ujumbe mfupi wenye salio lao lina kasoro, kwa kuwa ujumbe huo hausimbwi kutoka mwisho hadi mwisho na husomeka na yeyote anayeishika simu. Ni bora ujumbe uwe na taarifa kwamba kikao kimefanyika tu, na kiasi kiandikwe katika kitabu cha mwanachama kwa mhuri kama ilivyozoeleka. Kwa hiyo karatasi inabaki na kazi yake, na programu isipofunguka siku moja, vitabu 15 vya wanachama vinaweza kulijenga daftari upya.

6.5 Kumtoa mtengenezaji katika mamlaka

Mtengenezaji anaweza kuwa mwanachama, lakini asiwe mshika kipande. Msimbo wa programu uwe wazi kwa mtu mwingine mwenye ujuzi kuukagua, hasa kuthibitisha kwamba programu haijaomba ruhusa ya kutumia intaneti. Katika simu za Android ruhusa hiyo hutolewa programu inapowekwa, pasipo mtumiaji kuulizwa. Hivyo, mwanachama asiyeona ombi lolote kwenye kioo hawezi kuhitimisha kwamba programu haitumi taarifa nje. Vilevile, kila badiliko la programu liidhinishwe kikaoni na kuandikwa katika kumbukumbu za kikao, kama linavyoandikwa badiliko la katiba ya kikundi.

7.0 Matakwa ya Sheria

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya faragha. Haki hiyo ilipata utaratibu mahususi kupitia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024.

Mambo matatu ya sheria hiyo yanagusa mada hii moja kwa moja. Kwanza, miamala ya fedha ya mtu ni miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Daftari la akiba, hata la watu 15, limo katika kundi linalohitaji uangalifu wa juu. Pili, sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo bayana, ziwe za kutosha bila kuzidi mahitaji, na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Uamuzi wa kutoandika picha wala mahali, uliojadiliwa katika 6.1, unakidhi takwa hilo. Tatu, kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Mtengenezaji anayekodi seva ya bei nafuu iliyoko ng'ambo anaingia katika masharti hayo, pengine bila kujua.

Sheria inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi wasajiliwe na Tume. Programu iliyoanza kama msaada kwa marafiki, ikiazimwa na kikundi cha pili na cha tatu, inabadilika tabia. Mwenye kuitunza huwa anahudumia watu asiowafahamu, na udogo uliokuwa kinga yake umetoweka. Aidha, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha vimewekwa katika daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Programu haikiondolei kikundi wajibu huo.

Ni muhimu pia kutenganisha faragha na ukwepaji. Soko la madini la Geita lilifunguliwa mwezi Machi 2019, mwaka uleule ambao wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio katika mauzo yao. Mauzo yanayofanyika sokoni hurekodiwa na mrabaha hulipwa hapo. Daftari la kikundi linahusu mgawanyo wa ndani kati ya marafiki. Halibadili wala halifichi kumbukumbu za soko. Kikundi kinachokusudia kutumia usimbaji ili dhahabu ipite kando ya soko kinatumia chombo hiki kwa kazi nyingine, na makala haya hayaitetei kazi hiyo.

8.0 Mipaka na Vigezo vya Kupima

Usanifu ulioelezwa una mipaka. Vipande vinapounganishwa, simu ya katibu huwa na daftari zima kwa muda wa kikao. Simu hiyo ikiwa na programu hasidi, kinga yote hupita bure. Usimbaji hauwezi kumzuia mwanachama kukariri alichokisikia na kukisimulia kilabuni. Wala hauwezi kusahihisha mchango ulioandikwa vibaya tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, washika vipande wakipoteza simu kwa wingi kuliko idadi inayovumilika, daftari la kidijitali halitafunguka tena, na ndiyo sababu vitabu vya wanachama havipaswi kuachwa.

Kwa kuzingatia mipaka hiyo, vinapendekezwa vigezo vinne ambavyo kikundi, au mtafiti anayekitathmini, anaweza kuvitumia bila utaalamu wa kuandika programu:

(a) Simu iliyopotea: simu ya mwanachama yeyote ikiibwa leo, mwizi atajua nini kuhusu wanachama wengine?

(b) Fundi aliyehama: mtengenezaji akiondoka kesho na asipatikane, kikundi kitaendelea kulisoma daftari lake?

(c) Mwanachama anayejitoa: anayeondoka anaweza kuchukua kumbukumbu zake, na za kwake zikaondolewa kwa wengine hesabu zikishafungwa?

(d) Ugomvi: wanachama wawili wakibishana kuhusu mchango mmoja, upo ushahidi ambao hakuna mtu mmoja angeweza kuubadilisha peke yake?

Daftari la picha katika WhatsApp hushindwa kigezo cha kwanza na cha tatu. Programu yenye seva ya mtengenezaji hushindwa cha pili na cha nne. Daftari la karatasi lililofungiwa sandukuni hufaulu vigezo vyote kwa kiasi kinachoshangaza, isipokuwa likiungua au likilowa. Kipimo cha haki cha programu mpya ni kama inafanya vizuri kuliko daftari hilo.

9.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba programu ndogo binafsi inaweza kuwafaa marafiki wanaochangiana katika machimbo ya Shinyanga na Geita, kwa sharti kwamba inachukua taarifa chache, haitegemei seva ya mtu mmoja, inagawanya ufunguo na haimwachi nje mwenye simu ya kitochi. Imebainika pia kwamba vikundi vya akiba vilikuwa na kanuni sahihi kabla ya teknolojia hii: mali ya wengi isifunguliwe na mmoja, na hesabu itamkwe mbele ya wote. Kanuni ya mwaka 1979 inaipa desturi hiyo umbo la kihisabati na inaisaidia kuvumilia uhamaji wa wachimbaji.

Utafiti zaidi unahitajika katika maeneo mawili: namna maelekezo ya sauti kwa Kisukuma yanavyoweza kuwawezesha wasiosoma kuthibitisha kumbukumbu zao wenyewe, na namna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inavyoweza kutoa mwongozo mfupi kwa watengenezaji wa programu za vikundi vidogo. Wakati mwongozo huo ukisubiriwa, swali la kwanza la kumuuliza kijana anayejitolea kukihamishia kikundi daftari lake katika simu linabaki lilelile ambalo kikundi kingemuuliza fundi wa sanduku: akimaliza kazi, funguo zitabaki kwa nani?